Usilee Mmoja Tu

Mhariri salamu. Wiki hii mmeuliza gemu gani ya kupigana kwa zamu mtu aanze nayo, na aambiwe nini kabla hajaiwasha. Mi najibu Pokémon FireRed, gemu ya kukamata na kupiganisha viumbe waitwao Pokémon, ile ya mashine ya mkononi Game Boy Advance ya mwaka 2004, najua ni ya kizee lakini bado sijaona nyingine inayomfundisha mtu taratibu vile. Na uzuri wa zamu ni kwamba haikukimbizi, we nenda jikoni kaepue maharage urudi, adui utamkuta kasimama palepale anakusubiri ubonyeze.

Cha kumwambia ni kimoja, asilee mmoja tu. Mwanzoni unachagua kati ya watatu, Bulbasaur wa majani, Charmander wa moto na Squirtle wa maji, na kila mtoto ninayemjua anamchukua Charmander kwa ajili ya ule mkia unaowaka, alaf anamng'ang'ania huyohuyo, kila pambano yeye, wengine wamekaa benchi kama yule jamaa wa timu ya mtaani kazi yake kubeba chupa za maji. Nisiwacheke maana mi mwenyewe nilifanya hivyohivyo 2011 na Game Boy ya mtumba ya binamu yangu. Nilifika mpaka kwa Elite Four, wale wababe wanne wa mwisho wa gemu, na Charizard (ndo Charmander akishakua) leveli 60 na kitu, wenzake wote wako ishirini ishirini, nikajiona mwamba kwelikweli. Kumbe pale unapigana na watu watano mfululizo, Lorelei, Bruno, Agatha, Lance, alaf na bingwa mwenyewe, na katikati hakuna kutoka kwenda kutibiwa, ukishindwa unaanza upya. Na kila pigo lina idadi yake jamani, hapa ndo wengi hatuangalii, Flamethrower unaitumia mara 15, Fire Blast mara 5, basi, imeisha. Kufika kwa Lance moto wangu umekauka, kabaki na Cut, ile ya kukatia vichaka njiani, niliyompa mwenyewe kwa uvivu wa kutafuta mwingine wa kubeba kazi hiyo, na pigo la aina hiyo ukishampa halifutiki hivihivi mpaka umtafute mzee mmoja yuko mji wa Fuchsia. Aerodactyl wa Lance alinimaliza huku najiona. Nikazima gemu nikakaa wiki mbili siigusi.

Sasa kuna mpwa wangu ana miaka 11, nimempa ileile Game Boy. Juzi kanijia kanuna, "Mjomba hii gemu imeharibika, nampiga mtu hapungui." Nikaangalia, yuko kwa Brock, mbabe wa jimu ya kwanza, jimu ni ukumbi wa mapambano wa mji, na Charmander wake peke yake kama nilivyotegemea. Brock ana wawili tu, Geodude wa leveli 12 na Onix wa 14, wote mawe na ardhi. Moto ukipiga mawe unaingia nusu. Kukwaruza nako nusu. Alaf yeye akirusha jiwe kwako linaingia mara mbili, kwa hiyo gemu haijaharibika, hesabu ndo imegoma. Ukiwa na majani au maji Brock hamalizi dakika, maana hizo zinamwingia mara mbili kwa upande wa mawe na mara mbili tena kwa upande wa ardhi, jumla mara nne. Mwenye Charmander hajaachwa yatima lakini, arudi mji wa Viridian aelekee magharibi, njia namba 22, kwenye majani kule kuna Mankey, nyani mkorofi hivi. Ana teke linaitwa Low Kick ambalo nguvu yake inategemea uzito wa anayepigwa, na Onix ana kilo 210. Dogo alitaka kubisha, "Mjomba huyu si mdogo sana," nikamwambia we mlee kwanza leveli chache uone. Alivyomwangusha Onix alipiga kelele mpaka mama yake akaja kuuliza kuna nini.

Na ni hivyohivyo mpaka mwisho, jimu ya Misty ni maji ukiwa na moto unalia, ya Lt. Surge ni umeme lakini nje ya mji kuna pango limejaa Diglett wa ardhi na umeme kwa ardhi hauingii hata kidogo, sifuri kabisa. Gemu inakuwekea dawa karibu na ugonjwa, we hujapita tu.

Kukamata wapya, ambako unawarushia mpira wa kuwanasia, ndo watu wanapoteza mipira bure. Usimrushie mnyama mzima mwenye damu yote, mpunguze mpaka mstari wake wa damu uwe mwekundu, na kama una pigo la kulaza usingizi mlaze, aliyelala anakamatika mara mbili zaidi. Ila ukimtia sumu mtamaliza vibaya, atakufia mkononi kabla hajaingia mpirani. Sumu hiyohiyo ikikupata wewe inakula damu hata ukiwa unatembea tu, kila hatua chache pointi moja, kwa hiyo beba Antidote, dawa ya sumu, ni 100 tu za hela ya gemu dukani. Kusevu sevu kila mara, na ficha mashine kwa wadogo zako maana nafasi ya kusevu ni moja, mtu akianza gemu mpya akasevu yako imeenda. (Binamu yangu alinifanyia hivyo na sijamsamehe vizuri mpaka leo.)

Kingine, kabla hujaingia pango la Mt. Moon, pale Pokémon Center, kituo cha kutibia, kuna mzee anauza samaki aitwaye Magikarp kwa 500. Dogo kanunua, alaf akaja kulalamika katapeliwa, samaki anajua kurukaruka tu na kurukaruka kwenyewe hakufanyi chochote. Kweli kabisa. Lakini huyo akifika leveli 20 anageuka Gyarados, dude la kutisha, na kumfikisha huko hahitaji kupigana, unamweka wa kwanza kwenye foleni, pambano likianza unamtoa unamwingiza mwenye nguvu, zamu moja umepoteza ila mkishinda wanagawana uzoefu wote wawili. Ndo namna ya kuwalea wote walio nyuma hiyo. Nimemwelekeza, leo asubuhi samaki yuko leveli 17 na dogo kakataa kula chai mpaka amalize pango.