Mtoto ana mafua na tunapanda ndege, masikio yake itakuwaje?

SWALI: Habari daktari. Mtoto wangu ana miezi 8, mara ya mwisho kliniki alikuwa kilo 8, ananyonya na maziwa ya kopo pia anatumia. Baada ya siku tatu tunasafiri kwa ndege, masaa sita hivi, na tangu jana ana mafua, usiku pua inaziba ila homa hana na anacheza vizuri tu. Naogopa masikio. Nimeambiwa nimnyonyeshe ndege inapopaa alafu nimpe ile dawa ya mafua inayosinzisha alale safari nzima. Je ni sawa? Na maziwa ya kopo nichanganyie nyumbani au humo humo ndani?

JIBU: Asante mama, na umefanya vizuri sana kuuliza kabla hujampa hiyo dawa kwa hiyo naanza na hilo hilo: usimpe. Dawa nyingi za mafua zinazosinzisha ndani yake kuna prometazini au dawa za kundi lake, na prometazini haipewi kabisa mtoto wa chini ya miaka 2 manake inaweza kushusha upumuaji mpaka mtoto akapoteza maisha, mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kabisa kuhusu hilo tangu 2004. Na kuna watoto ambao badala ya kusinzia ndo wanachangamka na kulia kupita kiasi, hapo uko angani na huna pa kwenda. Alafu kuna sababu nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui, mtoto aliyelala fofofo anameza mate mara chache sana, na kumeza ndo kitu kikubwa kitakachomsaidia masikio yake.

Ngoja nikueleze inavyokuwa. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna kachumba kenye hewa, na hewa hiyo inaingia na kutoka kupitia mrija mwembamba unaoenda mpaka nyuma ya pua. Mtoto mdogo mrija wake ni mfupi, mwembamba na umelala karibu usawa, na akiwa na mafua kuta zake zinavimba. Ndege ikishafika juu, presha ya hewa ndani inakuwa kama mtu aliyepanda mlima wa mita 1,800 mpaka 2,400 hivi. Wakati wa kupaa hewa ya kwenye kachumba inatanuka na kujisukumia nje yenyewe bila mtu kufanya lolote, ndo maana watoto wengi kupaa hakuwasumbui sana. Shida ni kushuka. Presha ya nje inapanda, ya ndani ya sikio iko chini, kiwambo kinavutwa kuingia ndani na mrija wenyewe unajibana, ni kama mrija laini wa kunywea juisi ukiunyonya kwa nguvu kuta zake zinagandana. Hapo haufunguki wenyewe mpaka msuli wa kaakaa uuvute, na msuli huo unafanya kazi mtu akimeza au akipiga miayo.

Kwa hiyo waliokwambia umnyonyeshe wakati wa kupaa hawajakosea ila wamekuelekeza kwenye nusu iliyo rahisi. Ukimshibisha wakati wa kupaa alafu saa ya kushuka anakataa chuchu, umeshapoteza silaha yako. Mimi ningesema wakati wa kupaa mpe kidogo tu au mpe chuchu bandia, njaa itunze kwa ajili ya mwisho.

Na mwisho hauanzi pale mnapoambiwa fungeni mikanda, unaanza kabla. Ndege kubwa kwa kawaida inaanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua. Utasikia sauti ya injini imepungua na masikio yako mwenyewe yanaanza kuziba, hiyo ndo saa yako, au mwombe mhudumu mapema akushtue. Kama amelala mwamshe, najua inauma kumwamsha mtoto aliyelala lakini huyu ana mafua na maumivu yatamwamsha vibaya zaidi. Mkalishe kichwa kikiwa juu, asilale chali kabisa, na mkanda wake mdogo unaounganishwa na wa kwako uwe umefungwa, usimzungushie mkanda wako mmoja mkajifunga wote wawili. Mnyonyeshe taratibu, akichoka pumzika kidogo umrudishe, ukiweza endelea hivyo mpaka magurudumu yaguse chini. Akikataa kila kitu akalia usijilaumu, kulia nako kunamfanya ameze na kufungua mdomo.

Kwa pua yenyewe, matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa, subiri kidogo, vuta kamasi kwa kile kipira cha kunyonyea, fanya hivyo kabla ya kushuka ndo uanze kunyonyesha manake mtoto mwenye pua iliyoziba hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja. Dawa za kubana kamasi kwa umri huu hapana.

Paracetamol unaweza kumpa kama saa moja kabla ya kutua. Kipimo ni miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo, kwa kilo 8 haizidi miligramu 120. Hapa tafadhali soma chupa, kuna ya maji yenye miligramu 120 kwenye mililita 5, na kuna yenye 250 kwenye mililita 5 hizo hizo, yaani kijiko kile kile dozi mara mbili na zaidi. Pima kwa sirinji siyo kijiko cha chai, na kati ya dozi na dozi yapite angalau masaa manne, zisizidi nne kwa masaa 24.

Pamba masikioni haisaidii, tatizo liko nyuma ya kiwambo siyo mbele. Na kuna watu watakupa vikombe viwili vyenye tishu iliyochovywa maji ya moto umwekee masikioni, wana nia njema ila kataa, watoto wanaungua kwa hilo.

Maziwa ya kopo usichanganye nyumbani. Yakishachanganywa yasikae zaidi ya masaa mawili nje ya friji, kwa hiyo beba unga uliopimwa kwenye vikopo vikavu na maji moto kwenye chupa ya chai, yanatakiwa yasiwe chini ya nyuzi 70 unapochanganya, alafu uyapooze. Lakini kwa safari ya masaa sita mama anayenyonyesha, titi linarahisisha mno.

Sasa lini uahirishe? Akipata homa, akianza kulia kila ukimlaza au ukimgusa sikio, akipumua kwa shida au akitapika kila anachokunywa, apimwe masikio kwanza. Sikio linalotoa usaha mara nyingi presha hailiumizi sana manake kiwambo kimeshatoboka na hewa inapita, lakini huyo pia anahitaji tiba kabla ya safari. Mafua tu, hana homa, ananyonya vizuri kama ulivyoeleza, mimi ningemruhusu.

Mkishatua kilio cha masikio huwa kinaisha ndani ya muda mfupi. Kikiendelea mpaka siku inayofuata au ukaona majimaji yanatoka sikioni, mpeleke kituo cha afya huko huko mlikofikia, usisubiri mpaka mrudi.