Mimi ni mhafidhina, lakini vita vya ng'ambo sivitaki: nimpigie nani kura?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Songea, ninaishi Houston, Texas, na ni raia wa Marekani. Ni Mkatoliki, na ni mhafidhina bila kificho: ninapinga utoaji mimba, ninataka serikali isiyotumia kupita kipato chake, na ninaamini kwamba mzazi ndiye mwenye neno la mwisho juu ya malezi ya watoto wake. Hata hivyo, siwezi kuunga mkono vita vinavyopiganwa mbali na mipaka ya nchi hii wakati nchi yenyewe haijashambuliwa, hasa sasa ambapo kijana wangu wa kwanza ametimiza miaka 18 na jina lake limeandikwa kwenye orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini. Wenzangu kanisani wananiambia kwamba vita ni jambo la maoni, ilhali uhai wa mtoto aliye tumboni si jambo la maoni, kwa hiyo nimchague anayeutetea uhai huo na mengine nimwachie mwenyewe. Tatizo langu jingine ni kwamba kila mgombea urais huja na ahadi ya amani. Nitawapimaje? Na je, yupo mhafidhina aliyewahi kuwa na msimamo kama wangu?
– Baba Mlezi, Houston

JIBU: Ndugu Baba Mlezi, wapo, tena si wachache. Robert Taft, seneta wa Ohio ambaye katika miaka ya 1940 wahafidhina wengi walimwona kuwa ndiye kiongozi wao halisi, alipiga kura ya kuukataa mkataba wa NATO mwaka 1949, na mwaka uliofuata akamlaumu Rais Truman kwa kupeleka majeshi Korea bila idhini ya Bunge. Hoja yake ilikuwa ya kihafidhina tangu mwanzo hadi mwisho, kwamba vita huongeza kodi, huikuza serikali na humpa mtu mmoja madaraka ambayo Katiba haikumpa. Mwaka 1952 alishindwa na Jenerali Eisenhower katika kuwania uteuzi wa chama cha Republican, na tangu hapo wenye mawazo kama yake wamekuwa wachache ndani ya chama hicho, ingawa hawajawahi kutoweka.

Wa pili uliishi naye jirani. Ron Paul, daktari wa uzazi aliyewakilisha eneo la pwani ya Texas kusini ya Houston, alipinga utoaji mimba kwa nguvu zote, na bado Oktoba 2002 alikuwa mmoja wa Warepublican 6 tu katika Baraza la Wawakilishi waliokataa kumpa Rais Bush idhini ya kuivamia Iraq. Azimio lile lilipita kwa kura 296 dhidi ya 133. Alipogombea urais mwaka 2008 akiwa na msimamo huohuo, alipata sehemu ndogo sana ya kura za mchujo za Texas, yaani zile za ndani ya chama za kumpata mgombea, na John McCain, aliyekuwa mtetezi mkubwa wa vita vya Iraq, ndiye aliyeshinda. Lakini siku hiyohiyo ya tarehe 4 Machi, wanachama wa Republican wa jimbo lake la uchaguzi walimrudisha katika nafasi ya kugombea ubunge bila taabu, ingawa mpinzani wake alikuwa amemshambulia kwa sababu ya msimamo wake juu ya vita. Ninakuomba uliweke jambo hili moyoni, kwa sababu nitalirudia.

Sasa nije kwenye ahadi za amani. Mwaka 2000, katika mdahalo wake wa pili na Al Gore, George W. Bush alisema kwamba Marekani iwe taifa nyenyekevu mbele ya mataifa mengine, na kwamba majeshi yake yasitumiwe kujenga upya nchi za watu. Machi 2003 majeshi hayo yaliingia Iraq. Sisemi kwamba alidanganya, kwa maana mashambulizi ya Septemba 11 yaliingia kati na yakabadilisha mengi, lakini ndipo udhaifu wa ahadi ya namna hiyo unapoonekana: hutolewa kabla ya jaribu lenyewe kufika. Upande wa pili haukuwa tofauti. Barack Obama, aliyepata umaarufu kwa kuvipinga vita vya Iraq, aliishambulia Libya kwa ndege mwaka 2011 bila idhini ya Bunge, na siku 60 zilizowekwa na sheria ya mwaka 1973, inayombana rais asiendeshe vita bila Bunge, zilipokwisha, serikali yake ilidai kwamba kilichokuwa kikifanyika hakikufikia kiwango cha mapigano yanayotajwa na sheria hiyo. Donald Trump alisimama South Carolina Februari 2016, mahali penye askari wastaafu wengi, akasema waziwazi kwamba kuivamia Iraq kulikuwa kosa kubwa, na wiki moja baadaye akashinda mchujo wa hapo. Lakini Aprili 2019 alitumia kura ya turufu kulizuia azimio la Bunge lililotaka Marekani iache kushiriki katika vita vya Yemen.

Kwa hiyo usiwaulize wagombea wanaahidi nini. Uliza mgombea alifanya nini siku ambayo kukataa vita kulimgharimu. Kama alikuwa bungeni, kura zake zimeandikwa na mtu yeyote anaweza kuzisoma; kama alikuwa gavana au mfanyabiashara, tafuta alichokisema wakati vita vilikuwa bado vinapendwa, si baada ya majeneza kuanza kurudi. Vilevile angalia washauri anaowakusanya, kwani rais husikiliza walio chumbani mwake, na usitosheke na jibu lolote la mdomo isipokuwa aseme kwamba ataliendea Bunge kabla ya risasi ya kwanza. Ibara ya 1, kifungu cha 8, ya Katiba ya Marekani inalipa Bunge, wala si rais, uwezo wa kutangaza vita, na mara ya mwisho Bunge kufanya hivyo ilikuwa mwaka 1942. Mhafidhina anayesema kwamba anaiheshimu Katiba neno kwa neno hana namna ya kulikwepa hilo.

Kipimo hiki hakimfungii mlango aliyebadilika. Walter Jones, mbunge wa Republican kutoka North Carolina, alivipigia vita vya Iraq kura ya ndiyo, na alikuwa miongoni mwa waliotaka jina la Ufaransa liondolewe kwenye chipsi za mkahawa wa Bunge kwa sababu nchi hiyo ilikuwa imekataa vita. Mwaka 2003 alihudhuria mazishi ya askari mmoja wa kambi ya Camp Lejeune, iliyokuwa ndani ya jimbo lake, akamsikia mjane akisoma barua ya mwisho ya mumewe, aliyekufa bila kuwaona watoto wake pacha. Baada ya hapo alianza kuziandikia familia za waliokufa vitani, na hadi anafariki Februari 2019 alikuwa ametia saini maelfu kwa maelfu ya barua hizo. Picha za marehemu kutoka kambini alizipanga ukutani nje ya ofisi yake, na mwaka 2005 alijitokeza hadharani kutaka majeshi yarudishwe. Baadhi ya wana chama wenzake walimwinulia wapinzani mara kadhaa kwenye mchujo, na wapiga kura wake, ambao wengi ni familia za wanajeshi, wakamrudisha kila mara. Mtu wa aina hii ndiye ninayemwamini kuliko mwenye hotuba nzuri.

Kuhusu kanisa, wenzako wameshika ukweli nusu. Mwaka 2004 Kardinali Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto XVI, aliwaandikia maaskofu wa Marekani kwamba Wakatoliki wanaweza kutofautiana kihalali juu ya kupigana vita, lakini si juu ya utoaji mimba. Hilo ni kweli na usilipuuze. Lakini kutofautiana kihalali hakumaanishi kuacha kufikiri. Katekisimu, yaani kitabu cha mafundisho ya Kanisa, inataka madhara ya mchokozi yawe makubwa, ya kudumu na ya hakika, njia nyingine zote ziwe zimeshindikana, pawepo tumaini la kweli la kufaulu, na silaha zisilete maovu makubwa kuliko yale yanayoondolewa. Kardinali huyohuyo alisema kwamba vita vya kuzuia tishio ambalo bado halijafika havimo katika Katekisimu, na Papa Yohane Paulo II alimtuma Kardinali Pio Laghi kwa Bush, wiki kama mbili kabla ya uvamizi, kumsihi asianze. Zaidi ya hayo, tangu Juni 24, 2022, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoirudisha sheria ya utoaji mimba kwenye majimbo, sehemu kubwa ya suala hilo kwa mkazi wa Texas huamuliwa Austin, makao makuu ya jimbo. Rais bado huteua majaji, kwa hiyo uzito wake haujaisha, lakini vita viko mikononi mwa Washington peke yake.

Msimamo wako pia haukulazimishi kukana kwamba maadui wapo. Sisi tunaokumbuka Agosti 7, 1998, mabomu yalipolipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam na kuua zaidi ya watu 200, wengi wao Waafrika wenzetu, hatuhitaji kufundishwa hilo. Tunakumbuka vilevile kwamba siku 13 baadaye makombora yalibomoa kiwanda cha dawa mjini Khartoum, na ushahidi kwamba kilikuwa kikitengeneza silaha za kemikali unabishaniwa hadi leo. Haki ya kujilinda haimpi mtu haki ya kupiga popote.

Narudi Texas. Huko mpiga kura hajiandikishi kwa chama, hivyo mwezi Machi unaweza kuchagua ushiriki mchujo wa chama gani, na ni kwenye mchujo ndipo mhafidhina anayepinga vita huwa bado yumo kwenye orodha. Ukingoja Novemba, mara nyingi utakuta ameshaondolewa. Mwaka 2008 Ron Paul alikataa kumuunga mkono McCain, akampendekeza Chuck Baldwin wa chama cha Constitution. Hiyo ni njia halali kwa dhamiri iliyobanwa, ila ujue kwamba utakuwa umetoa ushuhuda bila kumchagua rais. Na hapa ndipo ninapolirudia lile la Ron Paul, aliyeshindwa kwenye urais lakini akarudishwa kwenye ubunge: kura yako yenye nguvu zaidi juu ya vita ni ile ya mbunge, ambayo huja kila baada ya miaka 2. Akija kuomba, mwulize kama atapiga kura ya kuifuta idhini ya vita ya mwaka 2001, iliyopitishwa dhidi ya waliohusika na Septemba 11 na ambayo marais wa vyama vyote viwili wameitumia hadi Somalia. Na mwulize kama atakataa kupitisha fedha za vita ambavyo Bunge halikuviidhinisha, hata kama rais aliyevianzisha ni wa chama chake.