Uliza Tukujibu: Nyota tukazitazamie wapi hapa Babati?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, naishi Babati mjini, nauza vitenge. Mwezi wa saba tulienda msibani kwa babu yao watoto upande wa Galapo, usiku tukalala nje kwenye mkeka na wanangu, sasa huyu mkubwa ana miaka 11 akaniuliza mama mbona huku nyota zimejaa hivi na kwetu ziko chache, nikakosa cha kumjibu. Tangu siku hiyo kila usiku anatoka uani anaangalia juu, afu anarudi ndani kanyong'onyea. Gari sina, ila mdogo wangu ana bodaboda. Naomba unielekeze sehemu za karibu nimpeleke azione tena, na kama ni lazima ninunue darubini uniambie mapema nianze kudunduliza.
Mama wa wawili, Babati

JIBU: Dada yangu pole na msiba, na hongera kwa huyo mtoto, usimkatishe tamaa hata kidogo. Darubini usinunue kwanza, hela yako itunze. Nyota alizoziona Galapo ni zilezile ziko juu ya nyumba yenu, tatizo ni taa. Mwanga wa taa za mji unapanda juu unagonga vumbi na hewa unatawanyika, anga linakuwa kama lina ukungu mweupe, nyota hafifu zote zinamezwa zinabaki zile kubwa tu. Galapo kuna taa chache, na mlima Kwaraa umekaa kati unawakinga na mwanga wa mji, ndo maana mliona vile.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui, na mi nilikijua baada ya kuhangaika sana, ni kwamba taa moja ya karibu inaharibu kuliko mji mzima ulio mbali. Nilishawahi kufunga safari mpaka porini kabisa nikafikia gesti moja nikijua hapa leo nimepata, kumbe wana taa ya ulinzi kubwa getini inawaka usiku kucha, sikuona kitu cha maana. Nikatembea kama mita mia mbili nyuma ya kichuguu kimoja kikubwa, taa ikajificha, nikakaa chini nikatulia, na baada ya muda anga lote likafunguka. Kwahiyo usitafute umbali, tafuta sehemu ambayo hakuna taa hata moja inayokupiga machoni, na upande wa kusini na mashariki pawe wazi bila miti mirefu wala mlima.

Kwa Babati mi ningeanza na njia ya Kondoa, ukishaipita Bonga mji unabaki nyuma yako upande wa kaskazini, na kusini ndo kwenye mambo mengi ya kuona kwa majira ya kiangazi. Tafuta kijiji ambacho una ndugu au mteja wako, uulizie uwanja wa mpira wa shule. Uwanja wa shule kwangu ndo namba moja, pako wazi pande zote, nyasi fupi unaona unapokanyaga, na usiku hakuna mtu. Ila nenda mchana kwanza ukaombe kwa mwalimu mkuu na umwambie mwenyekiti wa kitongoji kwamba usiku fulani mtakuwa pale, maana watu wageni gizani wanaangalia juu na tochi mkononi lazima mtu aanze kupiga yowe la mwizi, na sungusungu wakishatoka kujieleza ni kazi. Galapo napo pazuri kama ulivyoona mwenyewe, na kwa vile kuna ndugu ndo rahisi kuliko kote.

Sasa nikukataze sehemu mbili. Ya kwanza ni ufukweni Ziwa Babati. Najua pako wazi na panavutia, nyota zinaonekana mpaka kwenye maji, lakini lile ziwa lina viboko na kiboko usiku ndo anatoka majini kuja kula majani, ukikaa kati yake na maji hana mjadala na wewe. Na mtoto usithubutu. Ya pili ni kusimama barabarani usiku kule Kwa Kuchinja njia ya Arusha, ile ni njia ya wanyama wanaopita kati ya Tarangire na Manyara, tembo wanavuka hapo, na giza lote hilo zuri halina faida kama hujui kilichosimama mita kumi mbele yako.

Kama siku moja utapata usafiri wa maana, vuka Katesh uende tambarare za Basotu kwenye yale mashamba ya ngano. Nchi imelala, huoni kilima karibu, na usiku nyota zinaanzia kule chini kabisa ardhi inapoishia. Beba makoti, baridi ya kule sio ya mchezo.

Sasa siku ya kwenda. Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanapanga Jumamosi kwa vile ni wikendi wanakuta mwezi mpevu umetanda, wanarudi wanasema hakuna kitu. Huhitaji programu yoyote ya simu, chukua kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu. Tarehe 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu mwezi ni mpevu, hizo ziache. Kuanzia tarehe 20 mwezi unachelewa kutoka, mpaka saa nne usiku hivi anga bado ni jeusi, na kwa mtoto wa miaka 11 muda huo unatosha kabisa. Tarehe 26 mpaka tarehe 3 ya mwezi unaofuata hizo ndo zenyewe. Jua kwenu linazama kama saa kumi na mbili na nusu au na kidogo, giza kamili linaingia kwenye saa mbili kasoro, hivyo mkifika saa moja na nusu mnatandika mkeka mnakula mnasubiri.

Na mkishafika ZIMENI SIMU. Jicho linahitaji dakika 20 mpaka 30 kulizoea giza, na ukiwasha kioo cha simu sekunde mbili tu unaanza upya. Mi nachukua ule mfuko mwekundu wa biskuti naufunga kwa mpira mbele ya tochi, mwanga mwekundu hauharibu macho sana na njia unaiona. Mpe huyo mtoto kazi ya kuitengeneza hiyo tochi nyumbani, kazi anaifanya mchana usiku anaitumia.

Mwezi wa sita mpaka wa tisa ndo wakati wenu mzuri, mvua imeisha na katikati ya Njia Nyeupe, ule mkanda mweupe wa nyota unaokatiza anga, inapita karibu na utosini. Julai mtaikuta juu kwenye saa nne na nusu au saa tano usiku, mwishoni mwa Agosti hata saa mbili na nusu tu imeshasimama. Mwonyeshe kundi la nyota linaloitwa Nge, kwa kweli anafanana na nge, ana nyota nyekundu kifuani na mkia umejikunja, na pale mkiani ndo Njia Nyeupe inakuwa nene. Msalaba wa Kusini, zile nyota nne zilizokaa kama msalaba, uangalieni mapema, ukifika Agosti hauchelewi kuzama. Mi napenda zaidi mwezi wa sita kuliko wa tisa, kwasababu masika imeshaosha hewa, ukifika wa tisa watu wanachoma mashamba na kuna vumbi jingi, nyota za chini zote zinafifia.

Na mfundishe Kilimia. Ni kile kifungu kidogo cha nyota sita saba zimesongamana, wazee ndo walikuwa wanakitumia kujua msimu wa kulima, jina lenyewe limetoka huko. Wanasema kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na ni kweli kabisa, kinapotea jioni upande wa magharibi mwanzoni mwa mwezi wa tano masika ikiishia, afu kinaibuka tena alfajiri upande wa mashariki mwezi wa sita kiangazi kimeshaingia. Mwezi wa kumi na moja jua likizama kinachomoza mashariki, mtakiona hata hapo uani kwenu. Mkipata baada ya hapo bainokula ya kuazima kwa mtu anayeongoza watalii, mwelekeze kwenye Kilimia, ataacha kuhesabu.

SWALI: Mambo kaka, niko Katesh, napiga nyota kwa simu zinatoka nyeusi tupu, mpaka ninunue kamera? 
Kijana wa Hanang

JIBU: Poa mdogo wangu. Jaribu kwanza hiyo simu, ila usiishike mkononi. Ilaze juu ya jiwe au iegemeze kwenye kiatu, weka ile hali ya usiku, weka taima ya sekunde 3 ili kidole chako kisiitikise, na uiache ichukue mwanga hata sekunde 10 mpaka 30 kama inakubali. Flashi izime. Lenzi ifute na kitambaa kwanza, mafuta ya vidole yanatia ukungu. Na huo mlima Hanang ulionao hapo uweke pembeni ya picha, mtu ajue ni kwenu.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mzee naishi kijijini nje ya Kondoa. Siku nyingine naamka kabla ya adhana naona mwanga mweupe umesimama mashariki, nadhani kumekucha, kumbe bado sana. Mjukuu anasema ni taa za mji, lakini upande ule hakuna mji. Ni nini?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mjukuu umwambie safari hii babu ndiye aliyeona sawasawa. Ule ndio alfajiri ya uongo ambayo masheikh wanaifundisha madrasa, inasimama juu kama mkia wa mbwa mwitu, afu inafuatiwa na alfajiri ya kweli inayotanda kwa upana. Ni mwanga wa jua unaogonga vumbi jembamba sana lililotawanyika huko angani kwenye njia zinakopita sayari, Zuhura na Mirihi na wenzao. Sisi tunaokaa karibu na ikweta tunauona vizuri kuliko watu wa Ulaya, lakini mpaka pawe na giza la kweli, mjini hauonekani kabisa.

Kwahiyo mzee hapo kwako pana anga ambalo watu wanalipia gari na hema kulifuata. Ningeomba ukimwamsha mjukuu siku moja mtoke naye, tarehe za mwisho kabisa za mwezi wa Kiislamu, kama saa moja na nusu kabla ya jua kutoka. Na yule mama wa Babati akipata nauli ya basi la Kondoa na ndugu wa kumpokea upande huo, mtoto wake naye aamshwe saa hiyohiyo.