Jibu: Mwisho wa mchezo usiotoka akilini

Ndugu yangu, umeuliza ni mchezo gani wa jukwaani ambao mwisho wake haujatutoka akilini. Wangu ni A Doll's House wa Ibsen, mwandishi wa Norway, ulioonyeshwa mara ya kwanza Copenhagen mwaka 1879. Nora anamwacha mume na watoto, na kinachosikika ni mlango tu ukifungwa huko chini. Basi. Ujerumani mwigizaji mmoja alikataa kumwigiza mama anayewaacha wanawe, ikabidi Ibsen mwenyewe aandike mwisho mwingine ambamo Nora anabaki. Hakuupenda kabisa, nami namuunga mkono.

Sisi tuliuigiza hapa Lamu, kiwandani, yaani uani, mwa nyumba ya kale. Mlango ulikuwa wa kweli, ule wa dakani, pale pa kuingilia nyumbani, mbao nzito ya nakshi. Ulipobamizwa, watu kimya... mara punda akalia kichochoroni. Watu wakaangua kicheko! Usiku wa pili punda alishasogezwa, na mama mmoja mkekani akauliza kwa sauti, "Na watoto je?" Hakuna aliyemjibu. Taa zikazimwa.

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mchezo wa Vita vya Maji Maji, pia usiiache: kukataa kwake Kinjeketile kuyakana maji aliyowapa watu yawakinge na risasi, akiwa mikononi mwa Wajerumani, kunatetemesha.