Gari la Gofu la Petroli Likikataa Kuwaka: Ushauri kwa Fundi Anayeanza

Fundi aliyezoea magari ya barabarani anapokabidhiwa kwa mara ya kwanza gari la gofu la petroli la miaka ya 1990, hutafuta stata ya kuwashia upande mmoja wa injini na olteneta ya kuchaji betri upande wa pili, asikute hata kimoja. Katika magari mengi ya aina hii, yawe ya Club Car au E-Z-GO kutoka Augusta katika jimbo la Georgia, Marekani, au ya Yamaha, kazi zote mbili hufanywa na mashine moja iliyounganishwa na injini kwa mkanda. Pedali inapokanyagwa, mashine hiyo hupokea umeme wa betri na kuizungusha injini. Injini ikishashika moto, mkanda uleule huizungusha mashine, nayo ikarudisha umeme kwenye betri. Kwa hiyo kuwaka na kuchaji si mifumo miwili, na gari linalokataa kuwaka leo asubuhi huenda lilikuwa halichaji tangu juma lililopita bila mtu yeyote kutambua.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba injini huzimika kila dereva anapoachia pedali na huwashwa upya anapoikanyaga tena. Mchezaji anayezunguka mashimo 18 husimama kila baada ya mpigo, na mhudumu wa hoteli anayebeba mizigo kutoka mapokezi hadi vyumbani husimama kila kona. Safari zikiwa fupi sana, betri hutoa umeme mwingi wa kuwasha na hurudishiwa kidogo, hata kama kila kifaa ni kizima. Kabla hujafungua chochote, muulize dereva gari linatumikaje, na utazame kama kuna aliyeongeza taa au redio ambazo hazikuja nalo kutoka kiwandani.

Usalama unatangulia vipimo, kwa sababu katika gari hili pedali ya kuwasha ndiyo pedali ya kuondokea. Inua magurudumu ya nyuma na uyaegemeze kwenye stendi imara, weka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, na kama modeli yako ina sehemu ya kufungia gia katika hali ya matengenezo, itumie. Nimewaona mafundi wakiunganisha vichwa viwili vya solenoidi, yaani swichi ya sumaku inayopitisha umeme mkubwa wa kuwashia, kwa spana huku gari likiwa kwenye gia, tabia ambayo siwezi kuitetea hata kidogo: cheche huruka karibu na betri inayotoa gesi ya haidrojeni, na gari linaweza kumrukia aliyesimama mbele yake.

Anza na betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika kwa saa kadhaa husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu, na ikisoma 12.0 au chini yake ichaji kwanza, kwa kuwa kipimo kingine chochote utakachochukua kitakudanganya. Hata hivyo, kipimo cha betri iliyopumzika hakitoshi. Mwambie mwenzako akanyage pedali huku nyaya za mita zikiwa juu ya vichwa vya betri vyenyewe, si juu ya vibanio, kisha usome wakati injini inazungushwa. Betri iliyojaa ambayo inashuka chini ya volti 9.6 wakati huo imechoka au ina seli iliyokufa. Ikiwa ni ya kuongezwa maji, fungua vifuniko utazame kimo, kwani joto la pwani hukausha betri haraka kuliko wengi wanavyodhani, na uongeze maji maalumu ya betri, si ya bomba.

Baada ya betri, sikiliza. Pedali ikikanyagwa na kukawa kimya kabisa, umeme mdogo wa kuamuru haujafika kwenye solenoidi. Ukisikia mlio mmoja wa "ta" bila injini kuzunguka, amri imefika lakini umeme mkubwa haupiti. Injini ikizunguka kwa uvivu, kuna upinzani mahali fulani, au betri ni dhaifu, au mkanda unateleza. Ikizunguka kwa nguvu bila kushika, achana na umeme wa kuwashia na uende kwenye plagi, petroli iliyokaa muda mrefu, kabureta, na mpira wa pampu ya mafuta, ambayo katika magari haya huendeshwa na msukumo wa hewa ya ndani ya injini, hivyo hata ufa mdogo huinyima nguvu.

Kimya kabisa hufuatiliwa kwa taa ya kupimia, hatua kwa hatua: fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ndogo inayobonyezwa na pedali, kisha waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi. Mahali taa inapokosa kuwaka, tatizo liko kati ya hapo na kituo kilichotangulia. Mimi huishuku mapema swichi ya pedali, kwa kuwa iko chini, hupigwa na maji na mchanga, na mkono unaoibonyeza ukilegea kidogo tu haiguswi kabisa. Usisahau waya wa ethi wa solenoidi yenyewe, yaani ule unaorudisha umeme upande hasi wa betri. Ukiwa umekatika, umeme utaonekana upande wa kuingilia lakini solenoidi haitavuta.

Hali ya mlio bila mzunguko, pamoja na ile ya mzunguko wa kivivu, ndiyo inayowafanya wanaoanza wanunue vifaa visivyohitajika. Dawa yake ni kupima volti zinazopotea njiani wakati umeme mkubwa unapita. Weka waya mmoja wa mita kwenye kichwa hasi cha betri na wa pili kwenye chuma kisafi cha injini, kisha mwenzako akanyage pedali. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu hata kama kwa macho inang'aa. Fanya vivyo hivyo kutoka kichwa chanya hadi mahali umeme unapoingia kwenye mashine, kisha kati ya vichwa viwili vikubwa vya solenoidi, ambavyo vikifungana vizuri havipaswi kuachia tofauti ya kutajika. Katika hoteli za ufukweni nilizofanyia kazi, chumvi ya bahari huingia ndani ya waya chini ya plastiki na kuugeuza kuwa unga wa kijani, huku ncha ya nje ikibaki safi. Waya wa namna hiyo hausafishiki, ubadilishe.

Mkanda nao una mtego wake, kwa sababu gari lina mikanda miwili. Mpana, ulio kati ya klachi mbili, hupeleka nguvu kwenye magurudumu, na mwembamba huunganisha injini na mashine ya kuwasha. Huo mwembamba ukilegea, utasikia mlio wa kuteleza wakati wa kuwasha, na gari linaweza kuendelea kuwaka kwa wiki kadhaa ilhali halichaji inavyotakiwa. Usiukaze kupita kiasi, maana utaua beringi za mashine.

Sasa kuchaji. Betri ikiwa imejaa kiasi na magurudumu yakiwa hewani, mwenzako ashikilie pedali injini ikimbie kwa kasi ya wastani, nawe usome volti za betri: zinapaswa kupanda hadi kati ya takriban 13.8 na 14.8. Zikibaki 12 na kitu, na mkanda na nyaya ni vizima, mshukiwa ni mashine au regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti za kuchaji. Katika mifumo mingi yenye ncha zilizoandikwa A1, A2, F1, F2 na DF, regyuleta hudhibiti uchaji kupitia ncha ya DF, na vitabu vya matengenezo huelekeza kuichomoa na kuiunganisha na ethi kwa sekunde chache injini ikikimbia; volti zikipanda, mashine ni nzima na regyuleta ndiyo mbovu. Hakikisha kwanza kwa mchoro wa gari lako kwamba wiring'i yake ni ya namna hiyo, na usiachilie muda mrefu, kwani hakuna tena kinachozuia volti. Zisipopanda, fungua mashine utazame kaboni, vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, ambazo huisha polepole, na shaba inayosuguliwa nazo, ambayo ikiwa nyeusi husafishwa kwa msasa laini. Gari lililolala miezi mingi linaweza pia kuwa limepoteza sumaku iliyobaki ndani ya mashine, nayo hurudishwa kwa kuigusisha mashine umeme wa betri kwa kitambo kifupi kama kitabu cha modeli hiyo kinavyoelekeza.

Ukishabadilisha kifaa, usimkabidhi mwenye gari betri iliyokufa ukitegemea mashine iijaze, kwa maana mashine hii haikuundwa kwa kazi hiyo. Ijaze kwa chaja ya ukutani usiku kucha, asubuhi uandike volti za kupumzika, za kuwasha na za kuchaji katika daftari la gari hilo, na kwa magari ya safari fupi panga chaji ya ukutani mara moja kwa juma.