Matunda kwenye shira: maswali yenu ya jikoni

Mapeasi yameanza kujaa kwenye matenga, na maswali yenu yamefuata nyuma yake. Safari hii nimechagua yanayohusu matunda yanayotokoswa taratibu kwenye shira. Ni kitindamlo ninachokithamini kuliko keki yoyote: hakidai oveni wala mayai, kinapikwa siku moja kabla ya wageni, na mezani kinaheshimika.

Shikamoo dada. Wakwe zangu wanakuja Jumapili na nataka kuwaandalia mapeasi mazima, yamesimama na vikonyo vyake. Kila nikijaribu yanapondeka nje huku ndani bado magumu. Nakosea wapi? (Msomaji, Arusha)

Marahaba, mdogo wangu. Tazama mambo mawili: moto, na tunda lenyewe.

Peasi lililopondeka nje na kubaki gumu ndani limepikwa kwenye maji yanayotokota. Joto kali humaliza nyama ya juu kabla halijafika katikati, na mapovu yanayorukaruka huligongesha tunda kwenye sufuria na kwa wenzake. Unachotaka ni shira iliyotulia, ya nyuzi 80 hadi 85 za Selsiasi. Kama huna kipimajoto, angalia uso wake: utikisike kidogo tu, na vipovu vidogo viwe vinapanda kimoja kimoja pembeni. Vikianza kupanda kwa mkupuo, punguza moto papo hapo.

Kuhusu tunda, nunua linalokaribia kuiva, si lililoiva. Libonyeze karibu na kikonyo. Likibonyea kirahisi, hilo ni la kula hivyo hivyo. Mapeasi ya Lushoto, magumu na yenye chembechembe, watu huyapita sokoni wakitafuta laini, lakini kwenye shira ndiyo yanayovumilia. Ya Afrika Kusini yanayouzwa supamaketi, kama Packham's na Forelle, nayo yanafaa ukiyapata yangali magumu. Yote yalingane ukubwa, la sivyo madogo yatapondeka yakiyasubiri makubwa.

Kwa mapeasi 6 pima maji lita 1.5 na sukari gramu 300. Naomba usizidishe. Shira tuliyoizoea wengi ni ya kaimati, nzito na ya kunata, na hiyo siyo ya kupikia tunda bichi. Sukari nyingi huvuta maji kutoka ndani ya tunda, likanywea na kukunjamana. Ukipika kwa maji matupu nako, utamu wa tunda ndio unaohamia majini, ukabaki na kitu chapwa. Gramu 200 kwa kila lita haziko mbali sana na utamu wa peasi lenyewe, kwa hiyo umbo na ladha vinabaki mahali pake.

Tia vijiti 2 vya mdalasini, iliki 6 zilizopasuliwa, maganda ya limau 1 (ile njano tu, weupe wake ni mchungu), maji ya nusu ya limau hilo, na karafuu 2. Mbili tu. Karafuu nzuri ya Pemba ikizidi hutia ganzi ulimini, na peasi hutalisikia tena.

Menya ukiacha kikonyo, kata kitako kidogo ili lisimame, kisha toa mbegu kwa chini ukitumia kijiko kidogo. Kila ukimaliza moja litumbukize kwenye bakuli la maji yenye ndimu lisipige weusi. Sukari ikishayeyuka na shira kuchemka, shusha moto, panga mapeasi, na uyafunike kwa karatasi ya kuokea uliyoikata duara na kuitoboa tundu katikati. Usiiruke hatua hiyo. Mapeasi huelea, na upande unaobaki hewani hauivi sawa na hubadilika rangi; karatasi inayalaza chini ya shira huku mvuke ukipita tunduni.

Yatachukua dakika 20 hadi 40 kulingana na ugumu, lakini saa isikutawale. Choma sehemu nene kwa kijiti cha meno. Kikipenya bila kukwama, zima moto, na ni heri kuwahi kidogo kuliko kuchelewa, kwa sababu yataendelea kuiva ndani ya shira ya moto. Yaache humo humo mpaka yapoe, halafu friji usiku kucha. Pika Jumamosi, mdogo wangu. Usiku huo ndio unaopeleka iliki na mdalasini mpaka katikati ya tunda, na Jumapili utakaa na wakwe zako bila haraka.

Nyumbani hatutumii pombe, na kila pishi la mapeasi mekundu ninaloliona linataka divai. Kuna kitu kingine cha kuleta rangi ile? (Msomaji, Mombasa)

Kipo, na kwangu mimi kinaishinda divai: maua makavu ya rozela, yale yale ya juisi nyekundu. Yana rangi, yana uchachu, na harufu yake haifuniki tunda.

Chemsha maji lita 1.5, epua, tia gramu 30 za maua, funika kwa dakika 15 kisha chuja. Usiyaache maua yachemke pamoja na mapeasi, yatatoa ukakasi. Kwa kuwa rozela ni chachu, ongeza sukari mpaka gramu 350 na acha maji ya limau. Kijiti cha mdalasini na kipande cha tangawizi vinatosha. Iliki ipumzike safari hii.

Kumbuka mambo mawili. Uchachu huchelewesha tunda kulainika, kwa hiyo ongeza muda bila kuongeza moto. Na tumia sufuria ya stili au yenye enameli. Rangi ya rozela ikikutana na alumini huanza kwenda zambarau na kufifia, na shira yenyewe hupata ladha ya chuma. Mapeasi yakilala kwenye shira hiyo usiku mzima, ukiyageuza mara moja au mbili, wekundu utaingia ndani kabisa. Ukilikata mbele ya mgeni ataona rangi ikififia taratibu kuelekea katikati, na hapo hakuna atakayeuliza divai iko wapi.

Napikia mkaa. Nitautulizaje moto kiasi hicho? (Msomaji, Tabora)

Chemsha shira wakati mkaa umekolea. Kabla ya kutia matunda, toa makaa karibu nusu na yaliyobaki yafunike kwa majivu, kama unavyofanya ukipalilia wali. Sufuria nene inasaidia sana. Mkaa unaopoa polepole ni rafiki wa pishi hili, maana matunda yanaanza kwenye joto la kutosha na kumalizia kwenye la chini.

Huku kwetu mapeasi hayafiki, na yakifika bei yake haishikiki. Je, naweza kutumia matunda ya kwetu au nitaharibu? (Msomaji, Mtwara)

Hutaharibu chochote. Nikiambiwa nichague tunda moja la ukanda wetu kwa pishi hili, nitachagua pera. Chukua mapera yaliyogeuka njano lakini bado yamekaza, menya, kata nusu, kisha kwangua mbegu zote mpaka libaki kama kikombe. Zile mbegu na nyama yake zichemshe pembeni na maji kidogo, pitisha kwenye chujio, na rojo lake lirudishe kwenye shira. Vikombe vyenyewe vinahitaji dakika 10 hadi 15 tu. Shira itanukia mapera nyumba nzima. Ukivijaza mtindi mzito uliochujwa kwenye kitambaa safi, umepata kitindamlo cha harusi.

Nanasi nalo linakubali sana. Toa moyo wake mgumu, kata duara, tia tangawizi na punje chache za pilipili manga. Kuna faida nyingine hapa: nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, ndiyo maana ukilichanganya na maziwa au krimu baada ya muda linageuka chungu, na jeli haigandi nalo. Joto la shira linakimaliza, kwa hiyo nanasi lililotokoswa linaweza kulala na krimu bila ugomvi.

Embe na papai ni laini mno kwa moto. Chagua yaliyokaza, yakate vipande vinene, weka kwenye bakuli, kisha mwagia shira ya moto yenye ndimu na funika. Basi, hayaendi jikoni kabisa.

Halafu kuna ndizi, na hapa wewe mtu wa pwani huna cha kufundishwa na mtu. Ndizi mkono wa tembo mbivu zinazopikwa kwa tui, sukari na iliki wakati wa futari ni tunda lililotokoswa taratibu, tena kwa ustadi wa hali ya juu. Kinachobaki ni kuziandaa kwa sahani ya wageni. Zikate mshazari vipande vya sentimita 4, ziive kwenye tui jepesi na chembe ya chumvi, zitoe kabla hazijalegea. Tui zito liingie mwisho, moto ukiwa chini kabisa, ukikoroga upande mmoja. Likichemka kwa nguvu litakatika na mafuta yatajitenga. Panga vipande vitatu kwa kila mgeni, mwagia tui, nyunyiza ufuta uliokaangwa. Sioni sababu ya pishi hili kuishia kwenye bakuli la futari wakati linaweza kufunga mlo wowote wa heshima.

Baba yangu ana kisukari lakini anapenda sana vitu vya shira. Nikitumia asali badala ya sukari ataweza kula? (Msomaji, Kisumu)

Asali nayo ni sukari, mwanangu, kwa hiyo kubadilisha hakusaidii. Mpikie peasi lake peke yake kwa maji yenye mdalasini, vanila na limau, sukari kidogo sana au hakuna, ukikubali kwamba litakuwa laini zaidi na tamu kidogo. Mpe nusu, bila kumwagia shira. Tunda lenyewe lina sukari yake, hivyo kiasi anachoruhusiwa kiulizwe kwa daktari wake.

Nataka kuwatolea wageni kitu cha kihoteli hasa. Mapeasi na shira peke yake si kidogo mno? (Msomaji, Dar es Salaam)

Si kidogo, lakini nakuelewa. Jifunze kwa wakubwa wa kazi hii. Miaka ya mwanzo ya 1890, mpishi Mfaransa Auguste Escoffier, akiwa hoteli ya Savoy jijini London, alimtengenezea mwimbaji wa opera kutoka Australia, Nellie Melba, pichi zilizotokoswa juu ya aiskrimu ya vanila. Mchuzi wa rasiberi aliuongeza baadaye. Pishi hilo linaitwa Pêche Melba mpaka leo. Mapeasi nayo yana lao, Poire Belle Hélène, lililochukua jina la opereta ya Jacques Offenbach iliyoonyeshwa Paris kwa mara ya kwanza mwaka 1864: peasi la shira, aiskrimu ya vanila, na mchuzi wa moto wa chokoleti.

Yahesabu yaliyomo. Tunda, kitu baridi cha maziwa, mchuzi mmoja. Matatu, na hayajaongezwa kwa zaidi ya miaka mia. Ukitaka Belle Hélène ya nyumbani, pasha krimu mililita 100, mimina juu ya gramu 100 za chokoleti nyeusi iliyokatwakatwa, ngoja dakika 2, koroga. Peasi liwe baridi na limekaushwa kidogo kwa kitambaa safi, vinginevyo mchuzi unateleza na kujaa chini ya sahani. Ukitaka mfano wa Melba na rasiberi hupati, forosadi au stroberi zilizosagwa na kuchujwa zinafanya kazi hiyo vizuri kabisa. Pasheni pia, ila maji yake yaingie shira ikishapoa. Yakipikwa yanapoteza ile harufu unayoyafuatia.

Tumia sahani nyeupe au bakuli la kina kifupi. Usiweke majani ya mnanaa kwa sababu tu yapo, wala usinyunyize unga wa mdalasini kila mahali. Kikonyo cha peasi kilichobaki wima ni pambo tosha.

Shira inayobaki naimwaga. Kuna matumizi yake? (Msomaji, Nakuru)

Usiimwage tena! Nusu yake ichemshe wazi, kwa moto mkali safari hii, mpaka ishike kwenye mgongo wa kijiko. Iwe nyepesi kidogo kuliko unavyoitaka kwa sababu ikipoa inazidi kukaza. Hiyo ndiyo ya kumwagia matunda mezani. Nyingine chuja, weka friji, na uitumie kwenye chai, kwenye uji wa wagonjwa, au kutokosea matunda ya mara ya pili ukiongeza maji kidogo. Matunda yenyewe yakizama kwenye shira na chombo kikiwa na mfuniko, yanakaa friji siku 4 hadi 5 bila wasiwasi.

Nilimimina krimu kwenye bakuli la mapeasi, ikakatika mabongemabonge mbele ya wageni. Ilikuwa mbovu? (Msomaji, Zanzibar)

Pole sana. Inawezekana kabisa krimu ilikuwa salama. Shira yako ina limau, na huenda ilikuwa bado na joto. Uchachu na joto vikikutana na krimu nyepesi au maziwa, inakatika. Poza matunda kabisa, yatoe kwenye shira yatiririke, na krimu iwe ile nzito iliyopigwa, uiweke pembeni ya tunda. Shira yako iliyokaza iwe kwenye jagi dogo, kila mgeni ajimiminie mwenyewe.