Uliza empaako kabla ya salamu

Swali: Naishi Bombo, naenda Fort Portal kwa wakwe. Nimeonywa nisiwaite kwa majina yao. Niwaamkieje?

Jibu: Umeonywa vyema. Watooro na Wanyoro, watu wa magharibi mwa Uganda, huamkiana kwa empaako, jina la heshima na mapenzi: Abwoli, Adyeri, Akiiki, Araali na mengineyo, yote 12. Hayabagui mke na mume, ila Okaali mwachie mfalme. Anza kwa kuuliza, “Empaako yaawe?” yaani empaako yako ni ipi? Akisema Adyeri, asubuhi mwamkie, “Oraire ota, Adyeri?” yaani umelalaje, Adyeri? Wageni wengi hutanguliza salamu, kisha hawana jina la kumalizia, na kwa mkwe huo ni upungufu wa adabu. Wakikuuliza yako, sema huna, uombe upewe. Hupokewa kwa furaha kubwa.